Tuambiane Kwanza Mfukoni Mna Nini

Bajeti ya halmashauri haianzii Dodoma, wala haianzii Kasulu mjini kwenye kikao cha madiwani. Kisheria inaanzia kijijini, kwenye mkutano mkuu ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria, kusema na kupiga kura. Huku kwetu Titye mkutano huo huangukia wakati mbaya kuliko wote. Mwongozo wa bajeti ya mwaka utakaoanza Julai hushuka kutoka serikalini mvua zikiwa zimekwisha kuanza, na Oktoba na Novemba mtu wa nyanda hizi, awe wa Kasulu au wa Kibondo, yuko shambani. Anapanda mahindi na maharage, na mvua haimsubiri. Itisha mkutano Jumatano saa nne asubuhi uone: watakuja wajumbe wenyewe, wazee wachache wasioshika jembe tena, na vijana wa bodaboda waliokosa abiria.

Nilifundisha shule ya msingi, kisha nikachaguliwa kuingia halmashauri ya kijiji. Wenzangu wakaniweka kamati ya fedha na mipango, wakisema mwalimu anajua hesabu na mwandiko wake unasomeka. Niliyoyaona humo yameniachia imani moja, nami naisema bila kuzunguka: mkutano wa bajeti unaoanza na mahitaji hauzai kitu. Lazima uanze na mapato.

Mikutano yetu ilikuwa hivi. Mtendaji wa kijiji anasimama, anasoma maelekezo, kisha anauliza, "Haya ndugu wananchi, mnataka nini mwaka huu?" Mikono inapanda. Madarasa yaongezwe. Nyumba ya mwalimu. Maji kitongoji cha juu. Daraja, maana mto ukijaa watoto hawavuki. Josho. Dawa. Umeme ufike hadi kwa fulani. Kila kitongoji kinataka chake kiandikwe, na mjumbe wa kitongoji hakai chini mpaka amesikia kimeandikwa. Mimi naandika ukurasa wa kwanza, wa pili, naingia wa tatu. Mwisho watu wanapiga makofi na kwenda zao wameridhika, kwa sababu jambo lao limo kwenye muhtasari.

Orodha ile inakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Huko inakutana na za vijiji vingine, nazo zinafanana na yetu kama watoto wa mama mmoja. Kata inapunguza, inapeleka wilayani. Wilayani wataalamu wana kitu kinaitwa ukomo wa bajeti, yaani kiwango kilichopangwa na Hazina ambacho halmashauri haiwezi kukivuka. Afisa mipango anakata tena. Wala simlaumu, mkeka ukiwa mmoja hauwezi kulaza ukoo mzima. Kisha kamati ya fedha, uongozi na mipango, kisha Baraza la Madiwani, kisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisha TAMISEMI, kisha Bunge linaloketi Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza, na kijijini hakuna anayejua kilichobaki katika kurasa zake tatu. Novemba inarudi, tunaandika orodha ileile. Nimewahi kuweka mezani mihtasari ya miaka inayofuatana nikakuta maneno ni yaleyale, hata mpangilio haukubadilika.

Kwa nini hatukuwahi kuanza kwa kuuliza fedha ni kiasi gani? Sidhani ni kwa kuwa wananchi hawajali. Nadhani ni kwa sababu ya njia ambayo kodi imepitia katika nchi hii ya Buha.

Babu yangu aliijua kodi kabla hajajua huduma yoyote. Waingereza walitoza kodi ya nyumba na ya kichwa, na tangu utaratibu wa mamlaka za wenyeji ulipowekwa mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron, sehemu ya fedha hizo ilibaki katika hazina za wenyeji zilizosimamiwa kupitia Mwami, mtawala wa jadi, na watwale walio chini yake. Lakini fedha yenyewe mtu aitoe wapi? Buha haikuwa na zao kubwa la biashara kama kahawa ya Kilimanjaro au pamba ya Usukuma. Ilikuwa na wanaume wenye nguvu, na tangu mwaka 1914 Kigoma ilikuwa na reli. Basi wanaume wakapanda gari moshi kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, vibarua walioitwa manamba. Babu alikuwa mmoja wao. Alipotusimulia habari za kodi hakutaja daraja wala shule. Alitaja safari, baridi ya alfajiri kwenye kambi, na wenzake ambao hawakurudi kwao.

Baba alikuta mambo mengine. Baada ya Uhuru kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa katika mpango wa Madaraka Mikoani, wakati uleule ambao Operesheni Kigoma ilikuwa ikiwahamisha watu kutoka migombani kwao na kuwapanga katika vijiji. Sheria za mwaka 1982 zikarudisha serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Zikaja na kodi ya maendeleo, ambayo wananchi hawakuiita kwa jina hilo; kwao ilikuwa kodi ya kichwa iliyorudi. Mara nyingi ilikuwa kiasi kimoja kwa kila mtu mzima, mwenye duka na mwenye jembe moja sawasawa. Baba aliweka stakabadhi yake ndani ya nailoni, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati na kuufunga kwa pini. Hakuwahi kwenda gulioni bila hiyo karatasi, kwa sababu njiani kulikuwa na kizuizi cha mgambo, na asiyekuwa nayo aliweza kushushwa baiskeli na kukalishwa chini mbele ya wakwe zake. Msimu wa makusanyo vijana wengine walilala porini. Baiskeli nayo ilikuwa na kodi yake.

Mwaka 2003, katika bajeti iliyosomwa na Waziri wa Fedha Basil Mramba, kodi ya maendeleo ilifutwa pamoja na lundo la ushuru mdogomdogo uliokuwa kero. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Kodi inayomfanya mtu mzima alale vichakani haifai kurudi, na mtu asije akanisoma vibaya hapa. Waganda nao waliifuta ya kwao mwaka 2005. Hata Uingereza, ile serikali iliyomtoza babu yangu, ilipojaribu kodi ya kichwa kwa watu wake yenyewe, Uskoti mwaka 1989, England na Wales mwaka 1990, watu waliingia barabarani. Tarehe 31 Machi 1990 katikati ya London palichafuka kwa ghasia, na kabla mwaka huo haujaisha Margaret Thatcher alikuwa ameachia madaraka.

Ila tuangalie walichoweka badala yake. Tangu mwaka 1993 Waingereza wanalipa kodi ya halmashauri inayokadiriwa kwa thamani ya nyumba ilivyokuwa Aprili 1991. Kila mwaka kabla ya Aprili barua inaingia mlangoni: nyumba yako iko daraja hili, utalipa kiasi hiki, sehemu hii inakwenda halmashauri, sehemu hii polisi, na imepanda kwa asilimia kadhaa kulinganisha na mwaka jana. Wananung'unika sana. Lakini wananung'unika wakiwa na namba mkononi, na diwani anayepandisha anajua atakutana nao kwenye uchaguzi.

Sisi tulipofuta kodi ya kichwa hatukuweka barua yoyote badala yake. Serikali kuu iliahidi ruzuku ya kufidia pengo, na tangu hapo sehemu kubwa ya fedha za halmashauri za vijijini, ikiwemo mishahara ya walimu na wauguzi, inatoka juu. Mapato ya ndani ni sehemu ndogo. Na hiyo sehemu ndogo tunailipa bila kuiona. Mwenye nyumba ya mjini hukatwa kodi ya jengo kupitia LUKU tangu mwaka 2021. Anaona yuniti zimepungua, basi. Mkulima analipa zaidi kupitia ushuru wa mazao, naye anaapa hajawahi kulipa kodi maishani mwake.

Ushuru wa mazao ndio uti wa mgongo wa halmashauri kama zetu. Hata zaidi baada ya wilaya kugawanywa: Kasulu ilizaa Buhigwe, mji wa Kasulu ukawa na halmashauri yake, na upande wa pili Kibondo ikazaa Kakonko. Mji ulipoondoka uliondoka na maduka, nyumba za wageni na stendi; vijiji vikabaki na maharage, mahindi na mihogo. Na mazao hayatabiriki. Kibondo na Kakonko wanajua ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulivyoozesha mihogo ardhini huku majani yake yakiwa bado mabichi juu. Mwaka wa namna hiyo si familia tu inayokosa unga. Halmashauri nayo inakosa fedha ilizokwisha kuzipangia kazi.

Sheria inasema ushuru huu hulipwa na mnunuzi. Hadi mwaka 2017 ulikuwa hadi asilimia 5 ya bei ya shambani. Mwaka huo Bunge likaushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Kwa mtu wa baiskeli yenye magunia mawili hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mnunuzi mkubwa hatoi ushuru mfukoni mwake. Akifika uani kwako amekwisha kufanya hesabu: nauli, wapakiaji, ushuru wa getini, faida yake. Anayoiita bei ni ile iliyobaki.

Siku niliyoelewa jambo hili vizuri, aliyenielewesha ni bibi mmoja asiyejua kusoma. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alikuwa amechoka na kurasa tatu. Akaamua mkutano ufanyike Jumapili saa nane mchana, watu wakiwa wametoka kanisani na shamba limepumzika, na akataka ubao wa darasani utolewe nje, uegemezwe kwenye mti. Akasema, "Leo hatutaji shida ya mtu yeyote mpaka tujue fedha." Akanipa chaki.

Nikaandika mfano. Gunia la maharage, tuseme shilingi 200,000 shambani. Asilimia 2 ni shilingi 4,000. Fuso likibeba magunia 70, ushuru wake ni shilingi 280,000. Watu wakatazama ubao. Kulikuwa na ukimya, si wa kutoelewa. Kisha yule bibi, aliyekuwa amekaa mbele kwenye kanga na kijukuu kimelala mapajani, akasema, "Mwalimu, hizo elfu nne zinatoka kwa nani?" Nikamjibu kwamba kisheria zinatoka kwa mnunuzi. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, mimi niliuza. Aliniambia angenipa zaidi kama si geti. Basi ni zangu." Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu kwenye meza kuu aliyekuwa na jibu lake: "Msimu huu zimetoka fuso ngapi hapa?"

Hakuna aliyekuwa amehesabu. Wilayani walikuwa na takwimu za mashine ya POS ya kukusanyia ushuru, lakini sisi tuliokaa kando ya barabara hiyohiyo, tukiyaona magari yakipakia, hatukuwa na namba yoyote.

Mkutano ule ulichukua sura nyingine kabisa. Waliokuja kuomba umeme walianza kukumbuka magari. Mmoja anasema wiki ya gulio yalitoka manne, mwingine anabisha, yalikuwa matano, moja liliondoka usiku. Kijana wa bodaboda akajitolea kuandika, maana kijiwe chao kiko njia panda na hakuna fuso linalopita wasilione. Tukanunua daftari la kaunta. Msimu uliofuata lilijaa tarehe, aina ya zao na makadirio ya magunia. Mwandiko ni wa ovyo, lakini ni hesabu yetu.

Sitaki kulikuza daftari lile kuliko lilivyokuwa. Halikuwa ukaguzi, na makadirio ya magunia kwa macho yana makosa yake. Kazi yake ilikuwa nyingine. Diwani wetu alipokwenda kwenye baraza alikuwa na kitu cha kuulizia. Hakulazimika kusimama na kusema wananchi wangu wanalia. Alisema kata yangu inakadiria imechangia kiasi hiki kwenye ushuru wa mazao, naomba kuona taarifa ya makusanyo ya kata hiyo, na naomba kujua ni sehemu gani imepangwa kurudi kwenye miradi. Swali la namna hiyo lina mahali pa kushikia, kwa sababu miongozo ya bajeti inaitaka kila halmashauri itenge sehemu maalumu ya mapato yake ya ndani kwa miradi ya maendeleo, na asilimia 10 kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo iliwekwa kisheria mwaka 2018, ikasimamishwa Aprili 2023 baada ya Mkaguzi Mkuu kuonyesha marejesho mabovu, kisha ikarudishwa mwaka 2024. Kikundi cha akina mama wa kijijini kinapokosa mkopo, chanzo kinaweza kuwa hapohapo getini ambako hakuna anayehesabu.

Nasi kwenye orodha yetu tukabadilika. Ukishajua fedha ni kidogo, unaacha kuandika kurasa tatu. Siku ile ya ubao watu wenyewe, bila kushurutishwa na mtendaji, walikubali kitu kimoja: kuezeka maboma mawili ya madarasa tuliyoyapandisha kwa nguvu zetu, matofali ya kuchoma, mchanga wa kubeba kichwani, yaliyosimama bila bati huku mvua ikiyala. Kitongoji cha juu kilisalimisha maji yake kwa mwaka ule. Haikuwa rahisi, mzee mmoja wa huko alisimama akasema watoto wa kitongoji chake nao wanasoma shule hiyohiyo, lakini mwaka unaofuata hatakubali kusikia neno jingine lolote kabla ya maji, na mwenyekiti akaniambia niandike maneno yake kama alivyoyasema. Niliyaandika. Bati la darasa moja lilikuja mwaka huo wa fedha, la pili halikuja mpaka mwaka wa pili yake, na mzee alitukumbusha.

Katiba yetu, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Wengi wakisikia madaraka wanafikiria kupiga kura. Mimi nafikiria ubao ule. Mtu aliyeulizwa tu anataka nini amefanywa mwombaji, hata kama ameulizwa kwa heshima zote. Mtu aliyeonyeshwa kilichopo, kilichotoka jasho lake, kisha akaulizwa kitumikeje, huyo ndiye anayetawala. Na niliona watu walewale, majirani zangu, wakitoka hali moja kuingia nyingine katika alasiri moja.

Wapo wanaosema hesabu hizi ni nzito kwa mwanakijiji. Hawajamwona mwanamke wa Titye akipanga kugawa debe moja la mbegu, ada ya sare na dawa ya mtoto, asikosee hata shilingi. Wengine wanasema watu wakijua makusanyo watazidi kulalamika. Huenda. Afadhali malalamiko yenye namba kuliko makofi ya kurasa tatu.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti na watendaji wa vijiji vyetu, wa Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko, msiitishe mkutano wa bajeti siku ya kazi asubuhi katika msimu wa kupanda. Iteni Jumapili mchana. Bandikeni kwenye ubao wa matangazo kilichokusanywa na kilichorudi, mwezi kwa mwezi, kwa herufi zinazoonekana kwa mbali. Na wewe mwananchi, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila miezi mitatu: ukifika, kabla hujainua mkono kutaja shida yako, uliza kwanza msimu uliopita zilitoka fuso ngapi.